Korongo wa Mkiani

Mama yangu hakuwahi kukaa darasani, lakini mkia wa ndege aliusoma vizuri kuliko karani wa uwanjani. Ndege ya wamisionari ilikuwa na msalaba. Ya watu wa misaada ilikuwa na herufi za buluu ambazo yeye alisema zinafanana na viti vilivyopinduliwa. Ya jeshi haikuwa na kitu, na ndiyo sababu aliijua. Ya kwetu, ya shirika dogo la taifa, ilikuwa na korongo mwenye taji, amesimama kwa mguu mmoja ndani ya duara jekundu, shingo ameinyoosha kama mtu aliyepotezana na mwenzake sokoni.

Korongo huyo aliingia nyumbani kwetu Koboko kabla ya redio, na aliyemleta ni dada yangu mkubwa. Baba alikuwa mwanajeshi, na miaka ile mtoto wa mwanajeshi mwenye kimo, meno mazuri na Kiingereza cha shule ya masista aliweza kupata kazi ya kuhudumia abiria angani. Dada alikuwa na vyote vitatu. Mimi nilikuwa na meno tu, nikaenda kuuza chumvi.

Kila alipopata likizo alikuja na vitu vyenye korongo. Pakiti ndogo za sukari, ambazo mama alikataa kuzifungua, akazipanga juu ya kabati mpaka sisimizi wakazifungua wao. Leso za karatasi. Kijiko kimoja cha chai, korongo amechongwa mwisho wa mpini. Wageni walipokuja, kijiko hicho kilizunguka kutoka kikombe hadi kikombe, na mama akakihesabu kikiondoka, akakihesabu tena kikirudi. Kijiko kimoja. Wanaonisema sokoni kwamba nahesabu kila kitu mara mbili wajue nimetoka wapi.

Mwaka 1979 serikali ya wanajeshi ilipoanguka, dada alikuwa angani. Ndivyo tulivyozoea kusema nyumbani. Ukweli ni kwamba alikuwa chini, kwenye uwanja wa nchi ya mbali, ndege yao imeegeshwa na hakuna aliyejua tena inaagizwa na nani. Sisi hatukungoja kuagizwa na mtu. Familia ya jeshi Koboko haikuhitaji kusomewa tangazo. Baba alikuwa ameshazikwa mwaka mmoja kabla, basi tulikuwa wawili, mama na mimi, tukafunga tulichoweza kubeba kichwani, tukavuka kuingia Zaire, tukateremka polepole mpaka Aru.

Huko Aru mama alikiuza kile kijiko. Alikuwa muuzaji mbaya. Alimwambia yule mwanamke wa unga, "Hii si kijiko tu. Ni ya ndege ya serikali."

Yule akakigeuza, akamtazama korongo. "Serikali gani, mama? Si mumesema imeanguka?"

"Serikali ndiyo imeanguka. Ndege haijaanguka."

Alipata bakuli la unga wa muhogo. Ningekuwa mimi ningepata mawili. Lakini sikuwapo, nilikuwa nimekwenda kuchota maji, na niliporudi nilimkuta anakoroga uji kwa kijiti.

Siku nyingi zilipita ndipo akatokea mtu mmoja, zamani alikuwa akipakia mizigo ya abiria kule kwenye uwanja mkubwa wa ndege, akapita soko la Aru akitafuta ndugu zake. Hakuwapata ndugu zake, akatupata sisi. Alikuwa na salamu. Dada alimwambia mwenzake kwa simu, mwenzake akamwambia mwingine, huyo mwingine akamwambia yeye: "Mwambieni mama asihangaike. Nitarudi na ndege yetu."

Mimi nikiletewa kitenge ambacho kimepita mikono mitatu nauliza kimetoka kiwanda gani. Nilitaka kuuliza. Mama alinizuia kwa jicho. Akamwambia yule bwana, "Ahsante, baba. Sasa nimejua," akampa kitoweo chote kilichokuwapo.

Na kweli alijua. Kuanzia siku ile mama hakumngoja dada, alingoja ndege. Na si ndege yoyote.

*

Tulirudi kwetu katikati ya miaka ya themanini. Koboko ilikuwa imeota nyasi mahali pa milango. Nyumba yetu ya bati haikuwa na bati, na baadaye haikuwa na kuta, basi mama akajenga nyingine ya nyasi palepale. Mimi nikashuka Arua, mji mkubwa wa upande wetu, nikapata meza sokoni, nikaanza kuuza vitenge vilivyoingia na malori ya mpakani Vurra. Niliolewa kidogo, ikaisha. Biashara iliendelea.

Kisha, kuelekea mwisho wa miaka hiyo, shirika la ndege likafufuka. Likapata ndege ndogo ya mapangaboi, ikaanza kuja Arua mara moja kwa wiki. Wakafungua ofisi ya chumba kimoja karibu na duka la vipuri vya baiskeli, na mchoraji wa mtaani akawachorea korongo ukutani, akampa miguu ya bata mzinga. Nilipompelekea mama habari kule Koboko, sikumtajia miguu. Nilisema tu, "Mama, ndege yetu imerudi." Alikuwa anapalilia. Aliweka jembe chini kwa uangalifu sana, kama mtu anayelaza mtoto.

Uwanja wa Arua wakati ule ulikuwa njia ya murramu nyekundu isiyo na lami, kibanda, na uzio wa waya ambao mbuzi waliupita bila kuuliza. Mama alikuja kwa lori siku moja kabla ya ndege, na kuku mkononi ili asinilie chakula changu bure. Akalala chumbani kwangu nyuma ya soko. Asubuhi akaoga, akavaa gauni lake la kanisani, akajifunga kitambaa kichwani upya mara kadhaa mbele ya kioo changu kilichopasuka. Tukaenda. Ndege ikashuka, ikazunguka, ikatuonyesha mkia.

"Yupo," mama akasema. Alikuwa anamsema korongo.

Mlango ukafunguliwa. Wakashuka wafanyabiashara, wazungu wa misaada, padri mmoja, mwanamke mnene aliyebeba cherehani kama mtoto mchanga. Mhudumu wa ndege akatokea mlangoni mwisho, msichana mdogo wa mjini, akatabasamu kwa watu wote, akafunga.

"Labda wiki ijayo," mama akasema.

Na wiki iliyofuata akaja. Na nyingine. Alikuja wakati wa mvua, lori likikwama, akashuka kusukuma pamoja na wanaume. Alikuja goti likiwa limevimba. Askari wa getini walimzoea. Mmoja, kijana wa kijiji cha Ajia, mwanzoni alimtania, "Mama Koboko, leo pia uko unapokea raisi?" na mama akamjibu, "Raisi wanabadilika kila siku, nani ana nguvu ya kuwapokea? Mimi napokea mutoto." Baada ya hapo yule kijana akaacha utani, akawa anamletea kiti. Hilo la kiti liliniuma kuliko utani.

Kwa sababu niliona kinachotokea. Kila ndege iliyofunga mlango ilimrudisha chumbani kwangu amepungua. Usingizi hapati, chakula hagusi, anatetemeka bila homa. Akipata nguvu anarudi Koboko, anakuta shamba limemezwa na magugu, anapalilia kidogo, kisha inafika zamu ya kushuka tena. Wiki yake ilikuwa na siku moja. Nyingine zote zilikuwa njia ya kwenda na kutoka kwenye siku hiyo.

Nilimwambia, "Mama, dada akija atajua njia ya Koboko. Si alizaliwa kule?"

"Anajua Koboko yenye nyumba ya bati," akasema. "Atapita mbele ya hii ya nyasi, atafikiri ni ya watu."

Na mimi? Nilisimama naye pale kwenye waya kila wiki, meza yangu nimemwachia jirani ambaye aliuza vitenge vyake na kuvisahau vyangu. Nilijiambia nimekwenda kumshika mkono. Kila mwanamke mrefu aliyeinamisha kichwa kupita mlango ule, mkono wangu ndio uliobana.

*

Karani wa ile ofisi ya ndege ndiye aliyeniambia. Nilikuwa nimekwenda kununua tiketi ya kwenda Kampala kuangalia bidhaa, naye akaninong'oneza kana kwamba ananiuzia kitu cha magendo, "Dada, wakubwa wanabadilisha alama. Wanasema korongo amezeeka."

"Amezeeka vipi? Korongo wa rangi anazeeka?"

"Wanataka kitu cha kisasa. Wamempa kazi mtaalamu. Ndege itapakwa upya, tiketi, nguo, ofisi, yote."

Nilisahau kuomba punguzo. Nilitoka pale nikiwa nimelipa bei iliyoandikwa, jambo ambalo sikumbuki kulifanya kabla wala baada.

Mtu mwingine angesema, basi, alama ni alama. Lakini nilimfahamu mama. Dada alisema atarudi na ndege yetu, na ndege yetu ilikuwa korongo. Jina la shirika mama hakulisoma, rangi za bawa hakuzijali. Wakimfuta yule ndege, nilifikiri, watakuwa wamemfuta dada. Mama angesimama pale kwenye waya, aone mkia mtupu wa kigeni, na kile kilichokuwa kinamsimamisha kingekatika. Nilimwogopea kufa. Sisemi kwa kukuza mambo. Alikuwa amebaki mifupa na lile gauni.

Kwa hiyo mtaalamu mwenyewe alipokuja Arua, nilikuwa namngoja kama mtoza ushuru anavyongoja lori.

Alikuwa kijana wa Kampala, mpole, amebeba mfuko mwembamba na mpana kama mlango. Wakubwa wake walimtuma aje awaonyeshe wateja wa mikoani michoro mitatu asikie wanasemaje, na karani akamwelekeza sokoni, kwa sababu sisi wa vitenge ndio tuliopanda ile ndege kuliko wengine. Kiswahili alikizungumza kama anayevuka mto kwa kurukia mawe. Akasimama katikati ya meza zetu, akatoa kadi kubwa ya kwanza, akainua juu.

Sasa, mtu wa kwetu ataelewa kilichotokea. Ukisimama kati ya wauza vitenge wa Arua ukainua picha yenye rangi, wewe umeleta sampuli. Hakuna maelezo mengine. Kabla hajafungua mdomo, jirani yangu, mwanamke wa Vurra mwenye sauti ya filimbi ya polisi, alikuwa ameshalamba kidole na kuisugua kadi.

"Hii inatoka rangi?"

Kijana akaivuta. "Hapana, mama! Hii si nguo. Hii ni alama."

"Ndiyo, alama. Kitamba yenyewe iko wapi? Iko Vurra kwa kastomu?"

"Ni ya ndege, mama. Ya ndege."

"Ndege nayo inavaa kitenge sasa?" Soko likacheka. "Mwanangu, usiogope. Sisi tunalipa. Hii ya kichwa nipe pisi kumi, lakini ukiwa na kijani."

"Mimi nataka ile ya mistari," mwingine akasema kutoka nyuma. "Iko na rangi ya maziwa? Ile ya maziwa wanawake ya Koboko iko wanapenda."

Na kwa kuwa kitenge kisicho na jina hakitoki, wakaanza kuvipa majina. Ndivyo tulivyofanya kila lori likishuka. Mtu anatupa jina, likikubalika mteja atakiomba kwa jina hilo mpaka mpakani. Mwaka ule tulikuwa na Macho ya Jirani, tulikuwa na Bwana Yuko Safari, tulikuwa na Nimekula Kwetu, ambacho kiliuzwa sana kwa wake wenza.

Kadi ya kwanza ilikuwa kichwa cha korongo peke yake, bila mwili, kimekatwa kwa mistari minene. Wakaiita Wageni Wamekula. Ya pili ilikuwa jua linalochomoza nyuma ya herufi. Wakaiita Kesho Asubuhi, na wote waliowahi kuingoja ile ndege wakapiga makofi. Ya tatu haikuwa na ndege, jua wala herufi. Ilikuwa mistari mitatu iliyopinda kuelekea juu, kama mtu amepitisha vidole kwenye unga. Jirani yangu aliitazama muda, akasema kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, "Hii iko Amepita Haraka."

Kijana aliyaandika majina yote. Alipofika kwenye Kesho Asubuhi alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Nilimpenda hapo. Lakini biashara ni biashara. Nikamwambia, "Mwanangu, njoo unywe chai. Hawa watakununua wewe mwenyewe na shati lako."

*

Nilimkalisha nyuma ya meza yangu, juu ya marobota. Nikamwagizia chai na mandazi. Nikaanza juu, kama inavyotakiwa.

"Mimi nataka korongo mzima. Duara, taji, shingo, mguu uliokunjwa. Kama alivyokuwa."

Akatikisa kichwa kwa heshima. Akanieleza, na alieleza vizuri. Korongo yule alichorwa zamani kwa mkono, ana manyoya mengi, ukimchapa mdogo kwenye tiketi anakuwa doa. Ukimpeleka kwa faksi anafika kama kuku aliyenyeshewa. Na kila mchoraji anayemnakili anamwongezea lake. "Mama, umeona yule wa ofisi yenu hapa?"

Nikakiri miguu ya bata mzinga. Hapo alinishinda, nikashuka kidogo.

"Basi acha miguu. Chukua miguu yote miwili. Nibakizie kichwa na shingo."

"Ile kadi ya kwanza ni kichwa. Wamesema wageni wamekula."

"Hao waachie mimi, jina nitawabadilishia. Shingo je?"

"Shingo ndefu mkiani inaonekana kama ufa."

"Mgeuze shingo, basi. Atazame nyuma."

Akacheka. "Mama, ndege ya abiria inayotazama nyuma, nani atapanda?"

"Sisi," nikasema. "Sisi wa huku tutapanda."

Alinitazama akaacha kutafuna. Nikaona nimetoa zaidi ya nilivyokusudia, nikarudi haraka kwenye bei.

"Taji peke yake."

"Taji ina nyuzi nyingi."

"Rangi ya taji, basi. Ile njano. Weka mahali popote."

"Njano naweza kuomba."

"Unaweza kuomba, au unaweza kutoa?"

"Wanaoamua ni wakubwa, mama. Mimi nachora." Kisha akauliza, kwa upole uleule, swali ambalo mnunuzi mzuri huwa haulizi na muuzaji mzuri huwa hajibu. "Kwa nini unamtaka sana huyu ndege?"

Mtu wa sokoni haonyeshi anachokitaka. Ukionyesha, umekwisha. Mimi nilionyesha. Nilimweleza kuhusu dada, salamu zilizopita midomo mitatu, gauni la kanisani, waya, kiti cha askari. Nilimwambia mama hajui kusoma kitu kingine chochote duniani ila yule korongo. Chai yake ikapoa mbele yake, utando ukashika juu.

Mwishowe akasema, "Nitaipigania ile njano."

Sikumdai zaidi. Alipoondoka alinunua kitenge kwa ajili ya mama yake. Alilipa bei ya kwanza niliyomtajia, na mimi, Mungu ananiona, nilimrudishia kidogo.

*

Wakubwa walichagua mistari mitatu. Karani aliniambia ndege imeshapakwa, itakuja Arua wiki hii na sura mpya.

Sikuwa na ujasiri. Nilimpa dereva wa lori la Koboko ujumbe kwamba ndege imeharibika, mama apumzike. Jioni ya siku ileile nilimkuta mlangoni kwangu na kuku wake.

"Tangu lini unanitumia salamu za ndege isiyokuja?" akasema. "Na zile zinazokuja hunitumii."

Asubuhi nilijaribu tena. Nikiwa namfunga kitambaa kichwani nilimwambia, "Mama, wamebadilisha kidogo. Korongo hayupo tena mkiani. Lakini ndege ni ileile, viti vilevile, rubani yuleyule."

Alijitazama kwenye kioo, upande mmoja wa ufa, kisha upande wa pili.

Pale kwenye waya nilisimama nyuma yake kidogo, nikiwa tayari kumdaka. Yule kijana wa Ajia alileta kiti, mama akakataa kukaa. Ndege ikashuka. Ilikuwa nyeupe mno, inang'aa kama sufuria mpya. Ikazunguka, ikatupa mkia. Mistari mitatu iliyopinda, buluu, nyekundu, buluu. Na pembeni mwa ule wa mwisho, nyembamba kama uzi wa kushonea, njano. Kijana wa watu alikuwa ameipigania.

"Mama, ona," nikasema. Sauti yangu haikuwa ya mtu anayeuza kitu. "Ona ile njano. Ile ndiyo ya taji. Wameiacha kwa ajili ya... wameiacha."

Mama alikunja macho.

"Njano ni njano," akasema. "Hata boga ni la njano."

Akaendelea kutazama. Niliona mabega yake yanashuka, nikanyoosha mikono. Lakini hakuanguka. Yalishuka kama ya mtu anayetua mzigo. Alivuta pumzi ndefu, na uso alionigeuzia sikuwa nimeuona tangu Aru. Ulikuwa uso wa mtu aliyesimama kwenye foleni siku nzima, kisha akaambiwa foleni yake si hii, ni ile nyingine, nayo haijaanza kusogea, hajachelewa.

"Hii si yetu," akasema.

"Mama..."

"Mimi nakuambia si yetu. Ya watu hii. Mtoto alisema atarudi na ndege yetu." Akajifuta jasho kwa ncha ya kitambaa. "Yetu bado."

Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikimpigania. Wiki zote zile ndege yetu ilikuja, korongo wetu mkiani, mguu wake mmoja, kila kitu sawasawa kama alivyoahidi, kisha mlango ukafunguliwa na dada hakuwamo. Kila wiki hilo lilikuwa jibu. Mimi nilitaka waendelee kumletea jibu hilo. Mistari ya yule kijana ilimwondolea jibu, ikamrudishia swali, na kwa swali mama aliweza kuishi.

Alikuwa ameshageuka, anaulizia lori la mchana. Alisema mvua inanukia, na ufuta wake haujapaliliwa, na mbona sijamwambia mapema kwamba ni ndege ya watu, angelala nyumbani. Akamwambia yule askari, "Baba, kiti chako ni kizuri, lakini mimi sitakuja tena mpaka yetu ianze."

Nyuma yake mlango wa ndege ulikuwa umefunguliwa. Walianza kushuka. Mzee mwenye bakora, watu wawili wa misaada, mwanamke mwenye watoto. Kisha mwingine mrefu aliinama kupita chini ya mlango, miwani ya jua usoni, akasimama juu ya ngazi akitazama mji kama asiyejua aanzie wapi. Nilishika waya kwa mikono yote miwili. Akavua miwani. Hakuwa yeye. Nyuma yake kulikuwa na wengine, sikuweza kuwaona vizuri, na sikuweza kuondoka.

"Twende," mama akasema kutoka nyuma.

"Nakuja."

"Twende, lori litajaa. Unamngoja nani katika hii?"

Nilimwambia namngoja mteja.

Nilisikia anaweka mfuko wake chini. Kisha akaja, akasimama kando yangu, bega lake kwenye mkono wangu, na tukawatazama wote mpaka yule msichana wa mjini akatokea, akatabasamu, akafunga mlango.